Mwalimu Aliyetaja Majina

Wiki iliyopita jirani yangu aliukata mpapai uliokuwa ukiziba dirisha lake, majani akayarundika karibu na ukuta wangu. Jua lilipoyapiga, harufu yake ikaingia jikoni, kali na chungu kidogo, nami nikabaki nimeshika kijiko huku chai ikifurika na kumwagikia jiko. Ninyi wa rika langu mliokulia Kampala hamhitaji kuelezwa. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi sabuni ilikuwa imepotea madukani na watu walifulia majani ya mpapai. Darasa letu zima lilinuka hivyo. Nansubuga, aliyekaa nami dawati moja, alinuka hivyo, na Mwalimu Erisa naye vilevile, kola ya shati lake jeupe imeshika ukijani usiotoka. Mimi peke yangu nilinuka sabuni.

Nilinuka sabuni kwa kuwa baba yangu alikuwa sajini wa jeshi. Kwetu ni kaskazini, kule ng'ambo ya mto Nile. Baba alikuwa Mwislamu, mama Mkatoliki, na nyumbani tulichanganya Kilugbara na Kiswahili cha kambini. Tulikaa Bukoto, katika fleti ya Wahindi. Nilipomuuliza mama wenye nyumba wako wapi, alinijibu kwamba wamesafiri. Makabati ya jikoni yalikuwa bado yananukia bizari, na kwa muda mrefu nilikuwa na wasiwasi kwamba watarudi ghafla na kunikuta nimelala kitandani kwa mtoto wao. Sikujua kwamba Wahindi walikuwa wamefukuzwa nchini, wala kwamba mjini miaka ile neno safari lilibebeshwa mizigo ambayo haikuwa yake.

Shule yetu ilikuwa ya kanisa, kwenye mteremko wa kuelekea hospitali ya Mulago. Kiluganda nilikuwa nimekiokota mitaani, Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, na Kiingereza, ambacho ndicho tulichofundishiwa, sikukijua hata kidogo. Hilo halikunisumbua, kwa sababu kila nilichoandika kilipata alama nzuri. Mwalimu wangu wa mwaka uliotangulia aliwahi kunipa tisa kwa kumi kwa ukurasa niliochora kuku. Nilijiona nina akili kupita watoto wote. Nilipopiga kelele kwa Kiswahili uwanjani wenzangu walinyamaza na kunipisha, na hilo nalo nililichukua kuwa heshima. Ewe utoto, unavyoweza kumpumbaza mtu!

Ndipo nikaingia darasa la Mwalimu Erisa. Alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa jua liwake mvua inyeshe, na mfuko wa ndani wa koti hilo ulikuwa umetuna kwa kitu kizito. Alikuwa mlokole, yaani mmoja wa wale Wakristo wanaosema wameokoka, wasiogusa pombe, na ambao wakikosa hulisema kosa lao mbele ya watu bila kuulizwa. Siku za mwanzo tu alitukaripia kwa kelele ambazo hatukuzipiga, kisha baada ya mapumziko akasimama mbele yetu akasema, "Nilikuja shuleni nimekasirika mambo ya nyumbani, nikawamwagia ninyi hasira. Nisameheni." Hatukuwa tumewahi kumsikia mtu mzima akiomba msamaha, sembuse kwa watoto, na baadhi yetu tulidhani anaumwa.

Mimi alinipa moja kwa kumi. Nililia njia nzima mpaka Bukoto, nikamwonyesha baba daftari nikitarajia atachukua mkanda wake na kwenda kumfundisha adabu mtu huyo. Baba alilipekua daftari.

"Ile mwalimu ingine iliandika tisa," alisema. "Hii naandika moja. Wewe unajua kusoma?"

"Hapana."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa hii ndiyo mwalimu! Ile ingine naogopa bunduki yangu, nadanganya mtoto yangu. Kesho mwambie mimi nasalimia yeye sana."

Nilizifikisha salamu hizo kwa shingo upande. Mwalimu Erisa alizipokea kwa mikono miwili, na kuanzia hapo akanibakiza darasani kila mapumziko, mimi na kitabu cha watoto wadogo. Kiswahili chake kilikuwa cha Waganda, cha kupindapinda, r na l zikibadilishana nafasi. "Jalibu tena, mwana yangu," alikuwa akiniambia. "Hapa hakuna mtu nakucheka." Nilipotoka kwenye moja hadi kwenye tatu aliwaambia wote wanipigie makofi. Makofi kwa tatu! Niliona haya kuliko nilivyoona kwa ile moja, lakini usiku nililala nikitabasamu.

Asubuhi kabla ya masomo kulikuwa na sala, na Mwalimu Erisa alikuwa na utaratibu wake. Mtoto mwenye mgonjwa au msafiri alisimama na kumtaja jina, kisha sote tulifumba macho naye akawaombea mmoja mmoja. Kwa wagonjwa alisema, "fulani, aliye kitandani." Kwa wasafiri alisema, "fulani, aliye njiani." Hakubadilisha maneno hayo hata siku moja, na sisi tulikuwa tumeyazoea mpaka tukawa tunayatamka pamoja naye chini chini.

Siku moja alisimama Nansubuga. Baba yake alikuwa na stoo ya chumvi na sukari Kikuubo, kule kwenye vichochoro vya biashara, na kila mtu darasani alijua kwamba mchana mmoja watu wa usalama waliovaa miwani ya jua walimtia ndani ya buti la gari mbele ya wateja wake. Watoto wote walijua na hakuna aliyekuwa amelisema. Nansubuga alisema, "Baba yangu," halafu akashindwa kuendelea. Ilikuwa hivyo kote: mtu akichukuliwa, jina lake nalo lilichukuliwa. Hata ndugu zake waliacha kulitamka, waliogopa nani anasikia. Nikaona watoto wawili watatu wakinitupia jicho mimi, mtoto wa sajini.

"Tufumbe macho," alisema Mwalimu Erisa. Kisha kwa sauti ileile ya kila siku akasema, "Na Kezekiya, baba yake Nansubuga, popote alipo."

Nilishtuka hadi nikafumbua macho. Popote alipo! Hayo yalikuwa maneno mapya. Na zaidi ya hayo, mwalimu alijuaje jina ambalo halikutajwa? Siku zilizofuata alilirudia, na baadaye yakaongezeka mengine, shangazi wa mtoto fulani, kaka wa mtoto mwingine, watu ambao watoto wenyewe hawakuthubutu kusimama kwa ajili yao. Alikuwa akiwajua wote.

Akili yangu ya kitoto ikajumlisha. Katika maisha yangu nilikuwa nimeona aina moja tu ya watu wasioogopa: wale wenye kitambulisho mfukoni na kitu kizito ndani ya koti. Mwalimu Erisa haogopi. Mwalimu Erisa ana kitu kizito ndani ya koti. Kila jioni hupanda baiskeli yake na kwenda asikojua mtu, na kesho yake anamjua aliyechukuliwa. Jibu likawa wazi kabisa kwangu: ni mmoja wao. Anawachukua watu, kisha moyo unamsuta kwa kuwa ameokoka, ndipo anawaombea. Nilijisifu kwa kuligundua hilo. Na sikumchukia, jambo ambalo leo linanitisha kuliko yote. Niliona ni kazi kama kazi nyingine, na nikafurahi kwamba mimi na mwalimu wangu tuko upande mmoja.

Mwalimu mkuu, mzee mwenye kuona mbali, alimfuata siku moja kwenye veranda, nami nilikuwa ndani na kitabu changu cha watoto wadogo. "Erisa, utatuua," alimwambia kwa Kiluganda. "Una watoto wa wanajeshi humo ndani. Waombee kimyakimya, Mungu anasikia."

"Mungu anasikia, ssebo," alijibu Mwalimu Erisa kwa heshima. "Ila mtoto hasikii. Nikinyamaza, nitakuwa nimemfundisha Nansubuga kwamba baba yake hakuwahi kuwapo."

Mzee aliondoka akitikisa kichwa. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na lango letu lilitufanya tusite kuandika, lakini hawakuja kumchukua. Mpaka leo sielewi kwa nini, maana waliwachukua watu kwa makosa madogo kuliko hilo, na wengine bila kosa lolote.

Kisha baba akaacha kuja nyumbani. Mama alisema amesafiri, ametumwa Jinja. Nilimwamini bila shida, baba alikuwa akitumwa mara kwa mara. Niliona tu kwamba mama anaunguza chakula, kwamba redio haifunguliwi, kwamba wake wa askari wenzake, waliokuwa wakishinda kwetu wakisukana nywele, wanapita ngazini bila kugonga. Mama alikuwa anajifunga kitambaa kichwani asubuhi na kusema anakwenda sokoni, akarudi jioni na kikapu kitupu. Sokoni hakukuwa na vitu miaka ile, kwa hiyo hilo pia niliona ni la kawaida. Leo najua kwamba zamu ya wanajeshi wa kwetu kaskazini kuchukuliwa ilikuwa imefika. Waliitwa mmoja mmoja kutoka kambini, na wakubwa wao waliokuwa wakinywa nao jana wakasema hawawajui.

Asubuhi yenyewe nilikuwa na furaha, kwa sababu nilikuwa nimesoma ukurasa mzima bila kukwama na nilitaka kumwonyesha mwalimu. Tulifumba macho. Wagonjwa wakapita, aliye kitandani, aliye kitandani. Msafiri mmoja akapita, aliye njiani. Akafika kwa Kezekiya. Halafu akasema, "Na Lashidi Anguyo, baba yake Ayikoru, popote alipo."

Ayikoru ni mimi. Baba yangu ni Rashidi Anguyo. Nilisubiri aseme kwamba amekosea, kwamba ni njiani, kwa sababu baba yuko Jinja, na Jinja ni njiani. Hakusema. Baadhi ya watoto walikuwa wamekwisha kuyatamka pamoja naye, kwa mazoea, popote alipo, na vinywa vyao vikabaki hivyo. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na asishtuke tena namna ile.

Sikumbuki kutoka kwenye dawati. Nakumbuka niko mbele ya darasa nampiga ngumi kwa mikono yote miwili, tumboni, kifuani, popote nilipofika, nikipiga kelele kwa Kiswahili changu cha kambini.

"Umepeleka baba yangu wapi? Wewe ndiyo umechukua yeye! Wewe ndiyo nachukua watu yote! Ludisha yeye! Ludisha baba yangu!"

Hata Kiswahili chenyewe nilikuwa nakisema kwa ulimi wake. Ngumi yangu moja ilipiga kile kitu kizito ndani ya koti, nami nikangoja maumivu ya chuma. Hakikuwa chuma. Kilibonyea pembeni, kikawa na kurasa. Kilikuwa kitabu, Biblia, na bado niliendelea kupiga kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya.

Nimefikiria sana baadaye walichokuwa wanakiona wale watoto: mtoto wa mwanajeshi anamshtaki mwalimu kwa sauti ya kusikika barabarani. Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu mkuu, mkono umeziba mdomo.

Mwalimu Erisa hakuishika mikono yangu. Alipiga magoti.

Inabidi nieleze, kwa wale ambao hawakukulia pale. Kwa Waganda wanaopiga magoti ni watoto wa kike na wanawake. Msichana akimsalimia mkubwa hupiga magoti, hata njiani, hata kwenye tope. Mimi mwenyewe, mtoto wa kaskazini, nilijifunza kwa shida, mama akinisukuma bega mbele ya majirani. Mwanamume mzima, tena mwalimu, kupiga magoti mbele ya mtoto wa kike, hilo halikuwapo. Nilisikia magoti yake yakigonga sementi. Uso wake ukawa chini ya wangu, na nikaona mvi kwenye nyusi zake.

"Ayikoru, mwana yangu," alisema, "mimi nimekosa. Mama yako alinipa jina jana. Mimi nikafikili wewe unajua. Sikuuliza. Nimekosa mbele yako na mbele ya hawa wote. Nisamehe."

"Kwa nini wewe unajua watu yote yenye kuchukuliwa?" nilimuuliza. Nilikuwa bado sijaelewa kitu.

Aliyejibu ni Nansubuga. Alikuwa amesimama kwenye dawati letu, na alisema kwa Kiluganda, bila kupandisha sauti, "Kwa sababu anakuja nyumbani. Anampeleka mama yangu Mulago kule wanakolaza maiti, waangalie kama baba yupo. Mama hawezi kuangalia. Mwalimu ndiye anayefunua, mama anangoja mlangoni. Jana mama yako naye alikuwa pale mlangoni."

Ndiyo yalikuwa masoko ya mama. Ndizo zilikuwa safari za baiskeli. Nilisimama pale na vyote vikaniingia kwa pamoja, Jinja na kikapu kitupu na wenye fleti yetu waliosafiri, na sikuwa na nafasi ya kuviweka.

"Baba yako hayupo kule," Mwalimu Erisa aliniambia kwa upole. "Mimi nimetazama vizuli. Wote. Hayupo."

Bado alikuwa amepiga magoti. Nilielewa kwamba hatainuka mpaka nimjibu, maana hiyo ndiyo desturi ya walokole, aliyekosa husubiri neno la aliyekosewa. Kumbe mimi sikujua mtu husema nini. Nilikuwa sijaombwa msamaha na mkubwa tangu nizaliwe. Nikasema, "Simama, mwalimu." Hakusimama. Akauliza, "Umenisamehe?" Nikasema ndiyo. Hapo akainuka, akapangusa magoti, akaniuliza mbele ya wote kama ninataka aendelee kumtaja baba au anyamaze. Lilikuwa swali la kweli, na mtu mwingine yeyote mjini angelijibu kwa niaba yangu. Nikamwambia ataje.

"Basi kira siku," alisema. "Sasa lete kitabu chako, nisikie umesoma nini. Baba akiludi atataka kusikia."

Nikasoma huku kamasi zinanitoka. Sijui wenzangu walisikia nini.

Jioni sikumwambia mama chochote, nilikwenda tu nikamshika kiuno pale alipokuwa anaunguza chakula, naye akajua kwamba najua. Tulilia mpaka moshi ukatutoa jikoni. Kuanzia hapo hakusema tena habari za sokoni. Alisema, "Naenda Mulago," nami nikaenda shule, nikafumba macho na kulisikia jina la baba likitajwa mchana kweupe, baada ya Kezekiya, na nikaweza kukaa mpaka kengele ya mwisho. Wengine hawakuwa hata na hilo. Nilisoma kwa hasira miezi ile. Nilifika saba, saba ya haki, na makofi yalipigwa, na Nansubuga ndiye aliyeanza kuyapiga.

Baba alirudi mchana wa jua kali, kwa ngazi za nyuma, peku, bila mkanda, ndevu zimejaa uso. Mama alimfungulia akafikiri ni mtu wa kuomba chakula. Alipomtambua hakupiga kelele, alikaa chini palepale mlangoni na kumshika miguu. Nani alimtoa, alikuwa wapi, alifanywa nini, baba hakusema siku ile, wala hakusema mpaka anakufa, mzee kitandani mwake. Alikuwa na njia mpya ya kutazama mlango.

Mama alimweleza habari za sala.

"Nasema jina yangu? Mbele ya watoto?"

"Kila siku," mama alimjibu.

"Na hii mwalimu iko na nani nyuma yake?"

"Hana mtu."

Kesho yake alivaa shati la kiraia ambalo sasa lilimpwaya, akanishika mkono, akanipeleka shule mwenyewe. Alitembea polepole, akipumzika kila tulipopata kivuli, kwa hiyo tulichelewa. Tulifika kwenye mlango wa darasa sala ikiendelea. Nilitaka kuingia, baba akanizuia kwa mkono begani. Wote walikuwa wamefumba macho, vichwa vimeinama, na Nansubuga yuko peke yake kwenye dawati letu.

"Na Kezekiya, baba yake Nansubuga, popote alipo," alisema Mwalimu Erisa. "Na Lashidi Anguyo, baba yake Ayikoru, popote alipo."

Baba alisimama wima kama anavyosimama askari akisomwa jina kwenye gwaride. Miguu yake ilikuwa na vidonda na bado aliikusanya pamoja.

"Iko hapa," alisema.

Watoto walipiga ukelele. Wengine walijificha chini ya madawati, maana waliisikia sauti ya kambini kabla ya kuelewa. Mwalimu Erisa alifumbua macho, akashika ubao kwa mkono mmoja asianguke, akasema "Banange!", yaani jamani, na mara ya pili "Banange!" na machozi yakamtiririka waziwazi bila hata kuyafuta.

Nansubuga hakupiga kelele. Alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa dawati, na alikuwa hamtazami baba yangu. Alitazama nyuma yake, kwenye veranda.

"Mwalimu," alisema, "rudia la baba yangu."

Mwalimu Erisa alimtazama, nikaona midomo yake ikitafuta namna ya kukataa na ikikosa.

"Kezekiya," alisema.

Sote tuligeuka tukatazama mlangoni. Na baba yangu, aliyekuwa amesimama katikati ya mlango huo, akasogea pembeni, akajibana ukutani, ili asimzibe mtu njia.